Ngoma ya Shule ni ya Nani?

(Hotuba ya walimu wa sekondari, iliyosomwa na mwalimu mmoja kwa niaba ya wenzake siku ya kumbukumbu ya kambi yetu)



Kwanza kabisa tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai. Pili tunaishukuru Kamati kwa kutupa sisi walimu nafasi ya kusema. Tuliambiwa tuzungumzie elimu ya watoto wetu tangu mwaka 2015, tulipovuka mpaka kutoka Burundi na kuingia hapa Rwanda. Habari za madarasa, vitabu na mitihani zimo katika taarifa ya shule, na kila anayetaka ataisoma. Leo tumechagua jambo ambalo halimo katika taarifa hiyo, ingawa limewagawa watu katika vijiji vya kambi yetu tangu mwaka jana. Jambo lenyewe ni hili: katika sherehe za sekondari, nani apige ngoma, na nani abebe sinia?

Tunajua wako watakaosema kwamba wakimbizi wana shida kubwa kuliko hiyo. Chakula kimepungua, mahema na nyumba zinavuja, vijana wanamaliza shule hawana kazi. Ni kweli. Lakini tunaomba mtuvumilie kwa dakika chache, kwa maana sisi tunaoshinda na watoto wenu kutwa nzima tumeona kwamba jambo hili linagusa hayo yote.

Tazameni sherehe ya shule inavyokwenda. Asubuhi wavulana hubeba viti na kufunga turubai. Wasichana hufagia uwanja, huchota maji, humenya viazi na kupika. Wageni wakifika, wavulana hupiga ngoma, na wasichana husimama mstari wakiwa na maua. Mwenye kuongoza sherehe na kushika kipaza sauti ni mvulana. Mwenye kusoma risala ya wanafunzi ni mvulana. Kama kuna utepe wa kukatwa, msichana ndiye huleta mkasi juu ya sinia, akauinua mbele ya mgeni rasmi, akainamisha macho, akaondoka. Baadaye huleta soda. Ukifika wakati wa zawadi, msichana aliyekuwa wa kwanza darasani huitwa jina, hutoka jikoni akifuta mikono, hupokea daftari zake, hupigiwa makofi, kisha hurudi jikoni. Sherehe huchukua saa tatu au nne, na katika muda huo wote hakuna msichana aliyesema neno mbele za watu.

Sisi walimu tulifundishwa chuoni kwamba mtoto hajifunzi kwa masikio tu, hujifunza pia kwa yale anayotendewa na anayoyaona. Darasani tunaandika ubaoni kwamba watoto wote ni sawa. Siku ya sherehe, mbele ya wazazi wote, tunafundisha kinyume chake, na hilo ndilo somo linalokumbukwa, kwa kuwa lina ngoma na nguo mpya. Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Halafu tunashangaa kwamba wanapochaguliwa wajumbe wa kamati, akina mama wanaogopa kusimama. Tunashangaa kwamba msichana anayejua jibu anangoja mvulana ajibu kwanza. Hata tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, wanaopiga ngoma ni wanaume, na wanaowapikia wapiga ngoma ni wanawake.

Jambo hili halikuletwa na walimu, wala halikuletwa na shirika lolote. Lililetwa na wasichana wenyewe. Mwaka jana, miezi miwili kabla ya sherehe ya kufunga mwaka wa masomo, wasichana sita wa sekondari walitupa barua waliyoiandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Waliomba ruhusa ya kujifunza ngoma. Walieleza kwamba kikundi cha wavulana kimepungukiwa watu, kwa sababu baadhi yao wamerudi nyumbani na wengine wamekwenda kutafuta kazi mjini, na kwamba wao wanazijua ngoma zote kwa kuzisikia tangu utoto. Wakaongeza sentensi moja ambayo tulipoisoma tulikaa kimya: kwamba hawaombi kusamehewa kazi ya jikoni, wanaomba tu isiwe kazi yao peke yao.

Tuliwaita wazazi, tukawaita na wazee wapiga ngoma, abatimbo wetu. Mkutano ulikuwa mrefu. Tunataka kuyataja hapa kwa heshima maneno ya wale waliokataa, kwa sababu hawakuwa watu wabaya, na hoja zao zinastahili kujibiwa mbele ya watu wote.

Hoja ya kwanza ilikuwa mila. Wazee walisema: ngoma ya Burundi si kama ngoma nyingine. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma, na pia ni ufalme wenyewe. Zamani ngoma hizo zilikuwa za mwami. Zilipigwa akitawazwa, zilipigwa akizikwa, na zilipigwa katika umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama. Ngoma kuu, Karyenda, ilikuwa alama ya nchi. Pale Gishora karibu na Gitega, familia za walinzi wa ngoma zilipokezana kazi hiyo kutoka baba hadi mwana. Mwanamke hakushika mirisho.

Hayo yote ni kweli, nasi tunawafundisha watoto hivyo hivyo. Lakini mila tuisome yote, tusiisome nusu. Mzee mmoja alituambia kwamba mwanamke hapigi ngoma kwa kuwa ngoma yenyewe ni mwanamke. Alisema sawasawa. Kila mwenye kujua ngoma yetu anajua majina ya sehemu zake: ina amabere, yaani maziwa ya mama, ina umukondo, yaani kitovu, ina inda, yaani tumbo, ina urugori, lile taji la mama aliyezaa. Na Karyenda haikuachiwa wanaume peke yao. Alikuwako binti aliyewekwa kuwa mlinzi wake, akaitwa Mukakaryenda, mke wa Karyenda. Basi mila iliyompa mwanamke nafasi katika mwili wa ngoma na katika ulinzi wa ngoma haiwezi kusemwa kwamba inamwona mwanamke kuwa uchafu kwa ngoma.

Tena mila hiyo imekwisha kubadilika, na waliobadilisha ni wanaume. Ufalme ulifutwa mwezi wa Novemba 1966. Tangu hapo ngoma zimepigwa katika sikukuu za taifa, viwanjani na harusini. Mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi walicheza Uingereza katika tamasha la kwanza la WOMAD, mbele ya watu waliokata tiketi, na hapakuwa na mwami wala mtama. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma yetu katika orodha ya urithi wa binadamu, na sote tulijivuna. Hatuwalaumu waliofanya hivyo. Wameifikisha ngoma mbali. Tunauliza tu: kama mila iliweza kunyooshwa ili mgeni wa Ulaya aione, haiwezi kunyooshwa kidogo ili binti yetu aijue?

Hoja ya pili ilikuwa sheria. Baadhi ya wazazi walikumbusha kwamba tarehe 20 Oktoba 2017 marehemu Rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri iliyoweka taratibu za ngoma, na amri hiyo iliwakataza wanawake kuzipiga. Mzazi mmoja aliuliza: kesho tukirudi nyumbani, mtoto wangu atasemwaje? Hilo ni swali la mzazi, halina siasa ndani yake, nasi hatukusimama hapa kufanya siasa. Jibu letu ni kwamba shule haimfundishi mtoto kuvunja sheria za nchi yake. Atakayerudi atafuata sheria atakazozikuta. Lakini huko huko Burundi, kabla ya amri hiyo, walikuwako wanawake waliopiga ngoma. Kama wasingekuwako, amri ingemkataza nani? Na hapa tulipo ni Rwanda, katika uwanja wa shule, na sherehe ni ya watoto.

Na kwa kuwa tuko Rwanda, tuwatazame majirani zetu. Hapa pia ilikuwa mwiko mwanamke kupiga ngoma. Mwaka 2004, miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Odile Katese alianzisha kule Butare kikundi cha wanawake wapiga ngoma kinachoitwa Ingoma Nshya. Walikuwamo wanawake walionusurika na wake za watu waliofungwa kwa kuua. Walikaa kwenye ngoma moja moja, wakajifunza kupiga kwa pamoja watu ambao hata kusalimiana kulikuwa kugumu. Kikundi hicho kimecheza ndani ya nchi na ng'ambo. Ngoma za Rwanda hazikupasuka, na mvua haikuacha kunyesha.

Hoja ya tatu ilikuwa heshima ya msichana. Akina mama walisema: mpiga ngoma huruka, hutupa miguu, hutoa jasho mbele ya watu, msichana wa namna hiyo ataolewa na nani? Hoja hii tuliisikiliza sana kwa sababu ilisemwa na mama zao. Lakini tuliwakumbusha mwaka 2016, Francine Niyonsaba alipopata medali ya fedha ya mita 800 kule Rio. Alikimbia kwa kaptula mbele ya ulimwengu mzima, akatoa jasho, na hapa kambini watu walikimbilia redio na simu, wakapiga vigelegele, wazee na vijana. Hakuna aliyeuliza ataolewa na nani. Tukaona ya kuwa heshima haipotei kwa jasho. Nguo zinaweza kuwa ndefu na za kufunika, na tulikubaliana hivyo. Kinachomvunjia msichana heshima ni kutembea usiku bila taa akitoka msalani. Kinachomvunjia heshima ni kuacha shule akiwa na miaka kumi na sita kwa sababu hakuwahi kuambiwa kwamba ana kitu cha kuwaonyesha watu.

Hoja ya nne ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote, na ilitolewa na mzee ambaye ngoma tatu za kambi ni zake. Alisema: tumeacha nyumba, tumeacha mashamba, tumeacha makaburi ya baba zetu. Kilichobaki ni ngoma. Basi nayo msiiguse.

Ndugu zetu, neno hili lilitunyamazisha, na mpaka leo hatulichukui kwa wepesi. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu ana haki ya kukumbatia kile kilichobaki. Lakini kitu kilichobaki kinaishi kwa mikono ya watu. Mzee huyo huyo alikuwa amelalamika mwanzoni mwa mkutano kwamba hana warithi: kijana wa inkiranya, ile ngoma ya katikati inayoongoza nyingine, amekwenda Kampala, vijana wawili wa amashakwe wamerudi Burundi, waliobaki hawafiki mazoezini. Tukamwuliza kwa adabu: mzee, kama nusu ya watoto wa kambi tumewafungia mlango, nusu nyingine ikiondoka, utamwachia nani? Hakutujibu siku ile. Aliondoka akaenda zake.

Sasa tuwaeleze yaliyofuata, maana mengi yamesemwa vijijini na mengine si ya kweli. Walimu tuliamua kuwaruhusu wasichana kujifunza, kwa idhini ya mzazi. Hatukuazimwa ngoma. Walifanyia mazoezi kwenye madumu ya maji, yale ya manjano ya lita ishirini, wakitumia vijiti vya mti. Mvulana mmoja wa kikundi cha zamani ndiye aliyewafundisha, naye alichekwa na wenzake kwa wiki nzima. Wasichana wawili kati ya sita walitolewa na baba zao. Wanne wakabaki. Siku tatu kabla ya sherehe, yule mzee alituma mjukuu wake kuleta ngoma moja, moja tu, pamoja na ujumbe kwamba wasiiweke juani. Siku ya sherehe wasichana wanne walipiga ngoma moja na madumu matatu, pamoja na wavulana watano. Hawakupiga vizuri kama abatimbo, na hakuna aliyetegemea hivyo. Baadhi ya wazee waliinuka wakaondoka. Wengine walibaki mpaka mwisho. Wavulana wanne walibeba masinia ya soda, watu wakacheka, kisha wakanywa soda.

Wale wawili waliotolewa, siku ile mmoja alibeba maua kama kawaida, na mwingine hakuja. Huyo ambaye hakuja, hakurudi shuleni muhula uliofuata. Hatusemi ni kwa sababu ya ngoma. Nyumbani kwao kuna mambo mengi. Lakini tunasema kwamba alikuwa mtoto aliyeandika barua kwa mkono wake akaomba jambo moja, na hatujui tena anaomba nini.

Kwa hiyo leo, mbele ya mkutano huu, walimu tunaleta maombi matano.

Kwanza, kazi za sherehe ya shule ziandikwe ubaoni zote, za jikoni na za uwanjani, na kila mwanafunzi apewe kazi kwa uwezo wake au kwa kura. Asipewe kwa kuwa ni wa kike au wa kiume. Hili ni kwa ajili ya wavulana pia. Tunao wavulana wanaopenda kupika na kuimba ambao hujificha wasionekane.

Pili, kila sherehe iongozwe na wanafunzi wawili, msichana na mvulana, na risala ya wanafunzi isomwe kwa zamu.

Tatu, tutenganishe ngoma ya wazee na ngoma ya shule. Ngoma ya wazee ibaki kwa wazee, na taratibu zake ni zao. Hakuna mwalimu atakayewaelekeza. Ngoma ya shule iwe ya mwanafunzi yeyote anayetaka, aliyeruhusiwa na mzazi kwa maandishi. Asilazimishwe yeyote. Vilevile nyimbo za wanawake kama akazehe, ile salamu ya kuimbwa ya mama zetu, ziendelee kufundishwa shuleni, wasichana wasije wakadhani kwamba cha wanaume ndicho cha thamani peke yake. Na ndugu zetu Wakongo tunaoishi nao, ambao wana ngoma zao na miiko yao, tunawaomba walizungumze jambo hili kwao kwa njia yao.

Nne, mazoezi yaishe kabla jua halijatua, na siku za mazoezi kaka wa nyumbani achote maji. Wazazi, hapa ndipo penye ugumu. Msichana hashindwi kupiga ngoma kwa sababu ya mkono wake. Hushindwa kwa sababu ya dumu linalomngoja bombani.

Tano, ni ombi kwa ndugu zetu wa mashirika. Tunawashukuru kwa mengi. Lakini tunawaomba msije kesho na fulana na kamera mkataka wasichana wapige ngoma kwa ajili ya picha. Mkifanya hivyo, wazee watasema kwamba jambo hili ni la wageni, na kazi ya miezi mingi itaharibika kwa siku moja. Mkitaka kusaidia, tusaidieni kupata ngoma tatu za shule. Ngoma yetu huchongwa kwa mti wa umuvugangoma, na miti ya hapa haturuhusiwi kuikata. Tusaidieni pia na taa katika njia ya kutoka shuleni.

Waswahili husema, mcheza kwao hutunzwa. Sisi watu wa kambi neno hilo hutuchoma, kwa sababu hatujui kwetu ni wapi. Watoto waliozaliwa mwaka 2015 njiani, wakiwa mgongoni mwa mama zao, sasa wako shuleni. Burundi wanaijua kwa kusimuliwa. Kwa mtoto wa namna hiyo, uwanja wa shule ndio kwao pa kwanza. Kama hata hapo ataambiwa kwamba mahali pake ni nyuma ya sinia, tutakuwa tumemfanya mkimbizi mara ya pili, na safari hii bila vita.

Ndugu Mwenyekiti, Siku ya Mtoto wa Afrika ni tarehe 16 Juni, na siku nne baadaye ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Katika siku hizo zote mbili wanafunzi wataombwa kucheza mbele ya wageni. Tunaiomba Kamati iketi pamoja na wazee, akina mama na wanafunzi wenyewe kabla ya wakati huo, ijadili maombi haya matano, itupe jibu kwa maandishi. Jibu likiwa ndiyo, tutafurahi. Likiwa hapana, tunaomba litolewe mbele ya wasichana wale wanne, wakielezwa sababu, kama wanavyoelezwa watu wazima.

Tunawaheshimu wazee wetu. Yule mzee, ngoma yake tulimrudishia siku iliyofuata, haina mkwaruzo, wala haikukaa juani. Aliigonga mara moja kwa vidole, akasikiliza, akauliza ni nani kati ya wale watoto aliyekuwa akipiga upande wa kushoto, kwa kuwa alisikia kwamba mkono wake ni mzito na unahitaji kurekebishwa.

 Mungu aibariki kambi yetu, na azirudishe amani nchi zetu.